Gia ishirini nilizomwachia fundi

Anayetaka kujua baiskeli nzuri ni ipi hapa Lubumbashi asiende dukani. Aamke alfajiri, asimame kando ya njia ya Kasenga au ya Kipushi, awangoje watu wa makala, wanaoleta mkaa mjini. Watakuja mmoja mmoja, vichwa chini, wakisukuma badala ya kupanda, kwa sababu juu ya keria kuna magunia matatu, pengine manne, na mahali pa kukaa hapajabaki. Asiwaangalie watu kwanza, aangalie vyuma. Bomba la juu la fremu limeongezewa jingine la kulehemu. Uma wa mbele umetiwa nondo pande zote mbili. Keria nayo ni ya nondo, nzito, imeungwa moja kwa moja na fremu. Madigadi hakuna, kengele hakuna, gia hazijawahi kuwapo. Breki nyingi zimetolewa; penye mteremko mtu anavutana na mzigo kwa mwili wake, na kiatu kinasaidia. Kila kipande kilichobaki kwenye baiskeli ya makala kimebaki kwa kuwa hakikuvunjika, na kila kilichovunjika mara mbili kimeondolewa au kimelehemiwa. Barabara ndiyo iliyoichora baiskeli hiyo, mwaka hadi mwaka, na waliolipa gharama ya mchoro ni migongo ya watu.

Mimi sibebi makala. Ni mwalimu wa fizikia, naishi Katuba, shule ninayofundisha iko upande wa Bel-Air, na shamba letu la mahindi liko njia ya Kipushi. Nauli ya manseba, pikipiki za abiria, asubuhi na jioni, ukiizidisha kwa siku za kazi, inadai sehemu ya mshahara ambayo mshahara wenyewe hauna. Kwa hiyo nilinunua baiskeli ya milimani, ya bei ya chini kabisa, katika mji usio na mlima. Tuko kwenye uwanda ulio mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, tambarare karibu kila upande. Kilima tunachokijua sote ni kile cheusi cha masalia ya shaba, kando ya bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines, nacho hakipandwi na baiskeli. Lakini baiskeli za milimani ndizo zilizojaa dukani. Yangu ilikuwa nyekundu, yenye springi mbele na springi chini ya kiti, tairi za meno makubwa, na kibandiko kinachotangaza gia 21. Bei yake ilikuwa kama mifuko minne ya unga wa kilo 25, na hicho ndicho kipimo ambacho kila nyumba ya hapa inakielewa.

Nilijua ninachokinunua. Kiwanda kinachouza baiskeli nzima kwa bei hiyo kimepunguza mahali fulani, na kazi ya mnunuzi ni kutafuta kimepunguza wapi. Mara nyingi fremu huwa salama: bomba za chuma cha kawaida, nzito, ambazo fundi yeyote wa kulehemu anaweza kuzitibu. Walipopunguza ni mahali ambapo jicho la dukani halifiki, yaani grisi, gololi, waya za breki, chuma cha ekseli. Walipoongeza ni pale jicho linapoanzia. Mwenye kuboresha baiskeli ya namna hii ana kazi ya kuugeuza mpangilio huo chini juu: atoe fedha kwa visivyoonekana, na vinavyoonekana avisamehe.

Fundi wangu anafanyia kazi chini ya mwembe karibu na soko la Katuba, na spana zake, pampu yake, na ndoo ya maji ya kutafutia pancha. Ni kijana wa rika la wanafunzi wangu wa zamani, kwa hiyo ananiita Papa Mwalimu, nami namwita Fundi. Siku niliyompelekea baiskeli aliizunguka kimya, akakandamiza springi ya kiti kwa kiganja, akaicheka kwa Kiswahili chetu, ambamo kinga ni baiskeli na maresori ni springi.

“Papa Mwalimu, iyi kinga banaivalisha tu. Maresori iko ya kuonyesha batu. Weye unaenda ku kazi ao ku feti?”

Nikamwambia naenda kazini, na Jumamosi naenda shambani, nikirudi na gunia. Hapo akaacha kucheka, akachukua spana.

Kazi ya kwanza haikununua kipuri hata kimoja. Alifungua kitovu cha gurudumu la nyuma na kumimina gololi kwenye kifuniko cha chupa. Grisi ilikuwapo, lakini kidogo kuliko mafuta unayopaka midomoni mwezi wa Julai. Koni zilikuwa zimekazwa kwa nguvu za mtu aliyetaka kumaliza zamu yake arudi nyumbani. Kabla ya kukifungua alikuwa amenipa ekseli niishike ncha zote mbili kwa vidole na kuizungusha, nikasikia chembechembe, kama kwamba ndani mna mchanga, ingawa baiskeli ilikuwa haijaona vumbi bado. Akasafisha kila gololi kwa mafuta ya taa, akaipangusa kwa kitambaa, akaipanga upya kwenye grisi nyingi, akakaza koni kidogo, akarudisha nyuma robo mzunguko, akajaribu tena. Alipomaliza, aliinua gurudumu na kuliacha. Likazunguka polepole, likasita, likarudi, hadi sehemu nzito ikatulia chini yenyewe. Huo ndio mtihani, na hauna udanganyifu: gurudumu lililokazwa mno husimama popote lilipo.

Alifanya hivyo kwa gurudumu la mbele, kwa shingo ya usukani, kwa ekseli ya pedeli. Kisha akapitia spoki moja moja, akizigonga kwa spana na kusikiliza. Iliyolegea inatoa sauti nzito, iliyokazwa inalia juu. Anazikaza mpaka za upande mmoja zinakaribiana sauti. Nilimlipa ufundi wake tu, na hadi leo nasema hakuna fedha niliyoitia kwenye baiskeli hii ikarudi haraka kama ile. Watu wengi wanaotaka kuboresha huanza na kiti kipya au usukani mpana, huku gololi zao zinasagana kavu. Ukinunua kitu kipya cha kufunga juu ya kitovu kikavu, umenunua pambo.

Baada ya grisi, breki. Hapa ndipo nilipoachana na watu wa makala, kwa sababu wao wanatembea na mimi napanda, katikati ya malori yanayoelekea Kasumbalesa na manseba wasioangalia nyuma. Kuanzia Novemba mvua inaanza, na mpaka Machi barabara ni maji na udongo mwekundu. Baiskeli yangu ilikuja na rimu za chuma zilizopakwa kromu. Zinang'aa vizuri. Zikilowa, raba ya breki inateleza juu yake, unabana na bado unakwenda. Rimu ya aluminiamu nayo hupungukiwa nguvu ikilowa, lakini inajipangusa mapema na kushika. Wanafunzi wangu wanaijua sehemu ya pili ya hesabu hii: unapofunga breki, uzito unasukumwa mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye kazi kubwa ya kusimamisha. Mwenye fedha ya rimu moja anunue ya mbele.

Nililitafuta gurudumu hilo katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, kati ya vitu vilivyokwisha kutumika. Muuzaji atakuambia kila rimu ni aluminiamu. Sikubishana na mtu. Nilikwenda na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Inagusa, inang'ang'ania, asante, tunaendelea. Rimu ya tatu au ya nne haikuishika. Nikaizungusha mkononi nikitazama ukingo wake usiyumbe, nikapitisha ukucha mahali raba inapobana kuona kama chuma hakijaliwa kikawa chembamba, kwa maana rimu iliyosuguliwa miaka mingi hupasuka bila taarifa. Na jambo moja la kuangalia kwa wanaotafuta tairi au rimu: “inchi 26” haitoshi. Kuna 26 za aina kadhaa ambazo haziingiliani. Ubavuni mwa tairi ya baiskeli ya milimani ya kawaida mna namba 559, ambayo ni kipenyo kwa milimita pale tairi inapokaa. Tairi za zile baiskeli kubwa nyeusi za inchi 28 zina 635. Soma namba hiyo, usisome rangi.

Kisha waya na kava zake. Kava ya bei ya chini inabonyea yenyewe kila unapobana, na nguvu ya vidole vyako inaishia humo. Nilinunua waya mpya mbili na kava ngumu, fundi akazikata ziwe fupi kiasi usukani unavyoruhusu, zisijikunje. Raba za breki nikachagua ndefu. Mikono yenyewe ya breki, ya bati lililokunjwa, niliiacha kwa muda, na kwa mshangao wa fundi ikafanya kazi. Vipuri hivi vyote pamoja havikufika bei ya mfuko mmoja wa unga, ukiondoa gurudumu.

Tairi zina habari ndefu zaidi, maana adui wa tairi Lubumbashi si mwiba. Ni malori. Tairi la lori likipasuka linatapika nyaya nyembamba za chuma, nyembamba kuliko sindano, zinatawanyika barabarani na kulala humo miezi. Waya wa namna hiyo unaingia kwenye tairi ya baiskeli, unatoboa mpira wa ndani kidogo tu, na wewe unaziba, unajaza upepo, unakwenda, kesho asubuhi tairi iko chini tena. Wengine wanalaumu kiraka, wengine gundi, wengine jirani. Fundi wangu ana dawa yake: anachukua kipande cha pamba, anakipitisha polepole ndani ya tairi kuzunguka kote. Pamba inanasa. Mahali iliponasa, anakunja tairi, na ile ncha inachungulia, haifiki milimita mbili, anaing'oa kwa koleo ndogo na kunionyesha kwenye ukucha wake. Vidole peke yake haviuoni waya huo, na vikiuona vinatoka damu.

Nilipobadilisha tairi sikununua tena zile za meno makubwa. Meno ni ya matope ya porini. Kwenye lami na udongo ulioshikamana yanakula nguvu za miguu na kuvuma tu. Nilichukua zenye uso karibu laini, ubavu mnene, na ndani fundi akatandika utepe aliokata kutoka mpira wa zamani, kati ya tairi na mpira mpya. Zinaongeza uzito, ni kweli. Mwendesha baiskeli wa mashindano angekataa. Lakini yeye ana gari linalomfuata nyuma na magurudumu ya akiba, na mimi lazima niwe darasani saa moja kamili. Valvu za mipira yangu ni za aina ya gari, na hilo nalo nililitaka kwa makusudi, kwa sababu kila karakana na kila kijana wa kujaza upepo wa magari kando ya barabara anaweza kunijazia.

Sasa gia.

Fundi alikuwa amelisema tangu siku ya kwanza, na kila nikienda alilirudia: “Tutoshe byote, tuweke ya moja.” Nilidhani ni mazoea tu, maana amezaliwa akiona baiskeli za gia moja. Nilimwachia neno hilo mpaka ekseli ya nyuma ilipoanza kupinda. Alipoitoa na kuivingirisha juu ya kioo, ilikuwa ikicheza. Hapo tukakaa chini kama watu wa maabara, na nikakubali kwamba anachokisema kina hesabu ndani yake.

Gurudumu la nyuma la baiskeli ya bei nafuu yenye gia nyingi lina ugonjwa wa kuzaliwa. Friwili ya mistari saba ya meno imeskurubiwa upande wa kulia wa kitovu, na kuipisha nafasi, kitovu kimesogezwa kushoto. Spoki za kulia zinasimama karibu wima na zinabeba mvuto mkubwa. Za kushoto zimelegea. Na ekseli, upande ule wa friwili, inapita sentimita kadhaa bila gololi ya kuishikilia, kwa sababu gololi zimebaki ndani zaidi. Weka gunia la mahindi kwenye keria, pita kwenye mashimo, na hapo hapo pasipo na gololi ndipo chuma kinapokubali kupinda, halafu kukatika. Baiskeli za bei kubwa zilitatua jambo hili miaka mingi iliyopita kwa kuhamishia gololi karibu na ncha ya ekseli. Za bei yetu hazikutatua.

Ukiweka friwili ya meno ya mstari mmoja, nafasi inarudi. Fundi alihamisha vipande vya kutenganisha kutoka kulia kwenda kushoto, akalivuta gurudumu katikati kwa spoki zake, na pande mbili zikakaribia kuwa sawa. Upande wa kulia, ekseli mpya ikashikwa karibu zaidi na ncha yake. Gurudumu lile lile, spoki zile zile, likawa na nguvu zaidi kwa kuondolewa kitu. Na uzuri mkubwa ni kwamba ile friwili ya baiskeli nyeusi ya India, inayouzwa kila soko la Kongo, inaingia kwenye kitovu cha baiskeli yangu bila kutafuta kibadala: uzi wake ni wa inchi 1.37, nyuzi 24 kwa inchi, kipimo cha zamani cha Kiingereza ambacho viwanda vya India, Uchina na Taiwan viliendelea nacho. Mnyororo nao, wa aina yoyote ile, una umbali wa nusu inchi kutoka pini hadi pini. Watu waliokubaliana vipimo hivyo miaka mingi iliyopita hawakunifikiria mimi, lakini nawashukuru.

Hata umaskini wa fremu ukageuka faida. Fremu za bei kubwa zina mdomo wa ekseli uliosimama wima, gurudumu halisogei mbele wala nyuma, na ukitoa gia unakosa namna ya kukaza mnyororo. Yangu ina mdomo mrefu uliolala, kama baiskeli za zamani. Unavuta gurudumu nyuma, mnyororo unakaza, unafunga nati. Mbele tulitumia meno 38, ya katikati, nyuma 18. Duara jingine dogo na lile kubwa tuliyaacha mahali pake, kwa sababu yamepigiliwa ribiti na hayatoki bila vita; lile kubwa sasa linazuia suruali isiliwe. Friwili ya zamani, vihamisha mnyororo viwili na vipini vyake nilimwachia fundi, akanipunguzia ufundi. Aliviuza wiki ile ile kwa mtu aliyevitamani.

Katuba ikacheka. Jirani mmoja alieneza kwamba mwalimu ameuza gia akanunua unga. Katika mji huu baiskeli yenyewe tayari ni jambo la kuelezea. Mtu wa heshima anatarajiwa kuwa juu ya pikipiki angalau. Ukiwa na baiskeli, basi iwe na vitu vingi vya kuhesabu. Sikuwa na hoja ya kuwatosheleza, nikawaacha.

Lakini hoja iko, na inatoka mbali. Baiskeli ya milimani haikuzaliwa kiwandani. Katika miaka ya 1970, vijana wa kaunti ya Marin, California, walikuwa wakiokota baiskeli nzito za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, nyingi zikiwa za Schwinn, zilizouzwa kwa bei ya chuma chakavu, na kuziteremsha kwenye njia za vumbi karibu na mlima Tamalpais. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya mashindano yao ya kwanza kwenye mteremko waliouita Repack, unaoshuka mita 400 hivi katika kilomita tatu na ushei. Jina lilitokana na breki: zilikuwa ndani ya kitovu cha nyuma, zikapata joto mpaka grisi ikageuka moshi, na baada ya kushuka ilibidi kufungua kitovu na kukijaza grisi upya. Wakaweka vipini vya breki vya pikipiki, wakaweka tairi nene, wakaweka gia ili waweze kupanda tena wenyewe. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mpya kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanza kuuza baiskeli zenye fremu za Tom Ritchey. Kilichofuata ni biashara ya dunia nzima, mpaka ile nyekundu yangu. Wale vijana waliongeza gia kwa sababu walikuwa na mlima. Mimi nimetoa kwa sababu sina. Kazi ni ile ile.

Na kuna shahidi mwingine, wa karibu, ng'ambo ya mpaka. F.K. Day ni mmoja wa waanzilishi wa SRAM, kampuni ya Chicago iliyopata jina kwa vibadilisha gia. Mwaka 2005 yeye na mkewe Leah walianzisha shirika la World Bicycle Relief, na Zambia ikawa moja ya nchi za mwanzo za Afrika walikofanya kazi. Baiskeli yao ya awali, Buffalo, ina uzito wa kilo 23 hivi, keria yake inabeba kilo 100, breki iko ndani ya kitovu cha nyuma. Gia? Moja. Mtu aliyetajirika kwa gia alipokuja kutengeneza baiskeli ya barabara zetu, alizitoa. Nilipomwonyesha fundi maelezo hayo hakushangaa hata kidogo. Alisema tu kwamba mzungu huyo lazima alikutana na watu wa makala.

Siwezi kusema kwamba gia moja haina gharama. Mwezi wa Agosti, upepo ukinipiga usoni, gunia nyuma, kilomita zikiwa bado nyingi kutoka shambani, magoti yanaidai ile gia ya chini. Mtu wa Bukavu au wa Goma asinifuate hata kidogo. Kwao milima ni ya kweli, na gia zao wazitunze. Hapa, kwa mzigo wangu na uwanda wetu, hesabu inaangukia upande huu.

Mpwa wangu wa Kolwezi alichagua njia nyingine. Anafanya kazi mgodini, ana kipato kikubwa kuliko mimi, akanunua baiskeli ya milimani iliyotumika, nzuri ya kweli, yenye breki za diski za mafuta. Nimeipanda. Kidole kimoja kinatosha kuisimamisha. Breki ilipolegea, karakana moja ya magari ilimwongezea mafuta ya breki ya gari. Sasa, breki za mafuta za baiskeli zina koo mbili tofauti: nyingine zinakunywa mafuta ya madini, nyingine yale yale ya gari, na ukichanganya, mipira ya ndani inavimba. Zake zilikuwa za madini. Pistoni zikakwama, na baiskeli ikapanda ukutani kungoja vipuri kutoka nje. Kinachoniuma ni kwamba Kolwezi ndiko inakotoka sehemu kubwa ya kobalti, na Kongo inachimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Huko Ulaya watu wanapanda milima kwa baiskeli za umeme zenye madini yetu ndani ya betri, na mpwa wangu hapati mpira wa duara mdogo kuliko ukucha.

Tangu hapo swali langu la kwanza kwa kipuri chochote limekuwa: kikifa njiani Kipushi, nani anakiuza hapo? Kama hakuna, si chetu, hata kingekuwa cha bure.

Kilichobaki ni matunzo, na nitakitaja kimoja tu, mnyororo, kwa sababu unaua vingine ukiachwa. Mafundi wengi wanapaka mafuta machafu ya injini. Msimu wa kiangazi vumbi letu linaingia humo na kuwa kama msasa. Mimi naufuta mnyororo kwa kitambaa na mafuta ya taa, napaka mafuta safi tone moja kwa kila pini, nasubiri, kisha nafuta yote yaliyo nje. Kupima, natumia rula ya shule yenye inchi upande wa pili. Weka sifuri katikati ya pini moja. Kwenye mnyororo mpya, inchi 12 inaangukia katikati kabisa ya pini nyingine. Pini ikisogea mbele milimita moja na nusu, nunua mnyororo. Ikifika milimita tatu, meno ya friwili nayo yamekwisha kuliwa, na sasa unanunua vitu viwili. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wamefanya zoezi hilo uani kwa baiskeli za wazazi wao, na sijawahi kuona somo la vipimo likisikilizwa vile.

Baiskeli bado haijakamilika. Mikono ya breki nimeshaibadilisha, kiti cha springi kimeondoka, keria imeongezewa nondo mbili. Imebaki springi ya mbele, ambayo ina kilo za bure, inacheza kushoto na kulia, na inanyonya nguvu kila ninaposimama juu ya pedeli. Nautafuta uma mgumu wa chuma, wa gurudumu la 26 lenye 559, shingo ya inchi moja na moja ya nane yenye uzi, na vishikizo vya breki viwe mahali pake. Uma wa baiskeli nyeusi hauingii, nimeshapima. Mwenye nao, mzima au wa kunyoosha kidogo, aupeleke kwa fundi chini ya mwembe, soko la Katuba. Nalipa kwa franka au kwa dola, na huu wa springi achukue bure.